Uzi Uliolegezwa Si Uzi Mbovu: Mpangilio wa Nyuzi za Gitaa kama Sehemu ya Utunzi

Katika kozi ya fasihi simulizi tunafundishwa kuandika mambo mengi tunapokusanya nyimbo: jina la fanani, umri wake, mahali, hadhira, tukio na maneno yenyewe ya wimbo. Nikiwa mwaka wa pili nilijaza fomu ya namna hiyo kwa makini, nimeketi na babu yangu mzaa mama katika kijiji kimoja karibu na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Babu alikuwa mpiga gitaa. Ujanani alifanya kazi Bunia, ng'ambo ya mpaka, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili na gitaa kwa pamoja. Nilitaka nyimbo zake nne. Alipoanza kupiga, niliona gitaa linafunika maneno, nikamwomba aliweke kando ayaseme maneno polepole ili niyanakili vizuri. Akacheka, akaniambia, "Mujukuu, gitaa inasema mbele, mutu anafuata." Hata hivyo alilitegemeza ukutani, akayasema maneno, nami nikayanakili.

Mwaka uliofuata babu alifariki na gitaa lake nikapewa mimi. Nililipeleka kwa mwalimu wa kwaya anayejua ala hiyo. Alizigusa nyuzi mara moja, akakunja uso, akasema, "Hili limeharibika." Akafungua programu ya kutyuni kwenye simu, akazungusha vifunguo hadi kila uzi ukaonyesha rangi ya kijani, akanirudishia. Nilimshukuru. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba nyimbo za babu hazikai tena katika gitaa lile, na kwamba mpangilio aliokuwa akiutumia ulipotea pale, mbele ya macho yangu.

Insha hii inatokana na kosa hilo, ambalo ni langu kuliko la mwalimu. Hoja yangu ni kwamba namna nyuzi za gitaa zinavyopangwa si maandalizi ya kabla ya wimbo, bali ni sehemu ya utunzi wa wimbo wenyewe. Kwa hiyo mhakiki anayeandika maneno na kuuacha mpangilio amenakili nusu ya kazi. Nitaeleza kwanza kinachoitwa mpangilio wa kawaida, kisha mipangilio mbadala michache inayofahamika, halafu nirudi kwetu.

Gitaa la nyuzi sita, ukianzia uzi mnene kuliko yote hadi ule mwembamba, hutyuniwa E, A, D, G, B, E. Nyuzi huhesabiwa kinyume: mwembamba ndio wa kwanza, mnene ndio wa sita. Kutoka uzi mmoja hadi unaofuata kuna umbali wa freti tano, isipokuwa kati ya G na B ambako kuna freti nne. Jumla ni freti 24, yaani oktava mbili kamili, ndiyo sababu uzi wa sita na wa kwanza hubeba jina moja la E. Kama kila hatua ingekuwa ya freti tano, nyuzi mbili za mwisho zingekuwa C na F. F hiyo ingegombana na E ya besi kila mara zinapolia pamoja, na kodi nyingi ambazo mwanafunzi hujifunza katika wiki ya kwanza zingehitaji vidole visivyofika. Hatua moja ikafupishwa ili mkono upumue. Kwa maneno mengine, hata mpangilio wa kawaida una hitilafu ndani yake, iliyotiwa kwa makusudi kwa ajili ya mkono wa binadamu. Ni mapatano tu, na mapatano mazuri.

Mapatano hayo pia yana tarehe. Gitaa la Ulaya katika karne ya 17 lilikuwa na jozi tano za nyuzi, A, D, G, B, E. Uzi wa sita ulizoeleka kuelekea mwisho wa karne ya 18. Kabla ya hapo, Uhispania ya karne ya 16 ilikuwa na ala iitwayo vihuela, yenye jozi sita, ambayo hatua yake fupi ilikuwa katikati kabisa, kati ya jozi ya nne na ya tatu. Mpiga gitaa wa leo anayetaka kupiga muziki wa vihuela hushusha uzi wake wa tatu kutoka G kwa freti moja, na mara vidole vyake vinapita palepale vilipopita vya wale wa kale. Tunauita huo mpangilio mbadala, lakini kwa mpigaji wa vihuela ndio uliokuwa wa kawaida. Vivyo hivyo Urusi ya karne ya 19 ilipenda gitaa la nyuzi saba lililotyuniwa D, G, B, D, G, B, D. Kwa Mrusi yule, gitaa letu la E, A, D, G, B, E lingekuwa ndilo la kigeni. Neno "mbadala", basi, halielezi sauti. Linaeleza tu umesimama wapi na umesimama lini.

Sasa tuangalie mipangilio inayoitwa mbadala ili tuone inafanya kazi gani. Mfano wa kwanza ni Hawaii. Magitaa yalifika visiwani humo katika miaka ya 1830 pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico, walioitwa kuwafundisha wenyeji jinsi ya kumudu mifugo. Wenyeji walizipokea ala hizo, wakaanza kulegeza baadhi ya nyuzi hadi zote zikilia wazi zinatoa kodi moja kamili. Mtindo huo huitwa kī hōʻalu, maana yake "ufunguo uliolegezwa". Mpangilio wake mashuhuri kuliko yote ni D, G, D, G, B, D, nao wameupa jina linalomaanisha shamba la magimbi. Ukilinganisha na mpangilio wa kawaida utaona kwamba ni nyuzi tatu tu zilizoguswa, ya sita, ya tano na ya kwanza, na kila moja imeshushwa freti mbili. Faida yake inasikika papo hapo: kidole gumba cha mkono wa kulia kinapiga besi kwenye nyuzi zilizo wazi bila msaada wowote, na mkono wa kushoto unabaki huru kuimba. Familia nyingi zilificha mipangilio yao kama watu wanavyoficha dawa ya mitishamba. Hilo nalo lilikuwa na gharama, kwa sababu siri isiyopata mrithi hufa na mwenyewe.

Mfano wa pili ni mpangilio wa D, A, D, G, A, D, unaohusishwa na Mwingereza Davey Graham. Aliubuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukaa Morocco na kusikiliza wapiga udi. Hapa tena nyuzi tatu zimeshushwa freti mbili: ya sita, ya pili na ya kwanza. Lakini matokeo ni tofauti sana na yale ya Hawaii. Shamba la magimbi ni kodi ya furaha iliyokamilika. D, A, D, G, A, D haina ile noti ambayo husema kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Nyuzi zikilia wazi, swali linabaki bila jibu hadi kidole kilijibu. Ndiyo maana mpangilio huu umewafaa sana wanaosindikiza muziki wa jadi wa Ireland, ambao melodia zake hazipendi kulazimishwa upande mmoja. Pierre Bensusan, mpigaji wa Kifaransa aliyezaliwa Oran, Algeria, amejenga takriban kazi yake yote juu ya mpangilio huu mmoja.

Mfano wa tatu unahusu mwili. Joni Mitchell, mwanamuziki wa Kanada, aliugua polio akiwa na umri wa miaka tisa, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Kodi za kawaida zilimsumbua. Badala ya kuulazimisha mkono uifuate ala, aliipanga ala iufuate mkono, akabuni mipangilio kwa makumi. Matokeo yake ni kodi zisizopatikana katika kitabu chochote cha kujifunzia gitaa, na ambazo wanamuziki wenye mikono mizima wamehangaika kuzitafuta. Lakini naye alilipa. Kila wimbo ulihitaji nyuzi zipangwe upya jukwaani huku hadhira ikisubiri, na katika miaka ya 1990 akaanza kutumia kifaa cha kielektroniki kinachohifadhi mipangilio ili aepuke adha hiyo.

Kutokana na mifano hii mitatu naona kanuni moja. Mpangilio wa nyuzi hauondoi ugumu wa gitaa, unauhamisha tu. Mpangilio wa kawaida hugawa ugumu karibu sawasawa: hakuna ufunguo ulio rahisi mno, na hakuna uliofungwa kabisa. Mpangilio mbadala hukupa nyumba moja yenye starehe zote, lakini ukitaka kutoka kwenda kwa jirani unakuta mlango mzito. Mpigaji wa shamba la magimbi anapiga G akiwa amefumba macho. Mwombe apige E bemoli na utamwona anatafuta kapo.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaoona kwamba mpangilio mbadala ni uhuru na mpangilio wa kawaida ni minyororo. Ushahidi ninaoutegemea unatoka jirani kabisa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, katika Katanga, kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda. Wimbo wake "Masanga" umewashangaza wasikilizaji tangu wakati huo, na msikilizaji wa mara ya kwanza huweza kuapa kwamba magitaa ni mawili. Ni gitaa moja, linalopigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, katika ufunguo wa C, na katika mpangilio wa kawaida kabisa. Mtaalamu David Rycroft aliandika makala mbili, mwaka 1961 na 1962, akichambua upigaji wa Mwenda. Hakuna uzi uliolegezwa humo. Utajiri wote unatokana na besi inayotembea kwa mwendo wake na melodia inayotembea kwa wake, na mgongano wa miendo hiyo miwili. Anayedai kwamba mpangilio wa kawaida umechakaa na ausikilize "Masanga" kwanza.

Hata hivyo, wapigaji wa Katanga, Mwenda akiwemo, hawakuwa watumwa wa mpangilio huo. Walijua pia kuupandisha uzi wa nne kutoka D hadi F na kuziacha nyuzi nyingine kama zilivyo. Badiliko ni la uzi mmoja, lakini linageuza mambo mengi. F sasa inalia wazi chini ya kidole gumba na A iko jirani yake kwenye uzi wa tano, kwa hiyo ufunguo wa F, ambao humtoa jasho kila mwanafunzi wa gitaa, unakuwa mwepesi. Tena uzi huu haukulegezwa, umekazwa. Programu ya simu ingeonyesha rangi nyekundu, na mwalimu wa kwaya angesema limeharibika.

Ninapendekeza, basi, kipimo rahisi cha kuhakiki kazi ya gitaa. Tujiulize: tukiuhamishia wimbo huu kwenye mpangilio mwingine, utabaki kuwa wimbo uleule? Kama jibu ni ndiyo, mpangilio ulikuwa starehe ya mpigaji tu, si kosa, lakini pia si sanaa ya kusifiwa. Kama jibu ni hapana, mpangilio ni sehemu ya utunzi, na hauna budi kuandikwa, kuchambuliwa na kutunzwa. Kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Kinamtetea babu. Kinawagusa pia vijana wa rika langu hapa Kampala ambao wameiona D, A, D, G, A, D kwenye video, wakaitumia kwa kila wimbo. Nyuzi zilizo wazi zinavuma vizuri, na kwa sababu zinavuma vizuri mpigaji anaacha kufikiri. Baada ya nyimbo tatu msikilizaji hajui tena ni upi ulianza na ni upi umekwisha. Huo nao ni usanifu wa aina yake, na ni usanifu maskini, maana haukuamuliwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote.

Msomaji wa mkusanyiko huu ameshahisi ninapoelekea. Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi jirani tunaishi na neno "sanifu" kila siku. Tunajua kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba mwaka 1930 iliundwa kamati ya kukisimamia. Tunajua pia jinsi Kiswahili cha Bunia, cha Lubumbashi au cha kambi za jeshi za Uganda kinavyochekwa. Silaani usanifishaji. Bila huo nisingeweza kumsoma Shaaban Robert nikiwa Kampala, wala wewe ulioko Bujumbura au Kigali usingeweza kuisoma insha hii. Kiswahili sanifu ni kama E, A, D, G, B, E: watu wawili wasiofahamiana wakikutana, wanaweza kuanza kupiga mara moja. Hiyo ni neema kubwa.

Tatizo huanza pale mapatano yanapogeuzwa kuwa kipimo cha afya, na kila kisicholingana nayo kikaitwa kibovu. Hapa sina budi kukiri jambo la pili. Nilipokuwa nasafisha nakala ya fomu yangu kwa ajili ya kuiwasilisha, niliyaona maneno ya babu kuhusu gitaa na mtu, nikayapenda, nikataka kuyaweka mwanzoni mwa ripoti. Lakini niliogopa kukatwa alama. Nikaandika: "Gitaa husema kwanza, mtu hufuata." Nikarekebisha na mashairi yake pia, mahali aliposema "mutoto" nikaweka "mtoto", mahali aliposema "niko mwalimu" nikaweka "mimi ni mwalimu". Mizani ikavunjika katika beti kadhaa, na katika ripoti nikaeleza kwamba fanani hakuzingatia mizani. Mwalimu wa kwaya alizungusha vifunguo sita. Mimi nilizungusha vingi zaidi, na sikuwa na simu ya kunisingizia.

Naomba nimalizie kwa pendekezo la vitendo kwa wanafunzi wenzangu na kwa wahadhiri wanaotuandalia fomu. Unapokutana na fanani mwenye ala ya nyuzi, iwe gitaa, adungu, endingidi au nyatiti, usiguse kifunguo chochote. Mwombe apige uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, kuanzia mnene hadi mwembamba, na urekodi kwa simu kabla ya wimbo wowote. Haichukui hata dakika moja. Muulize mpangilio huo unaitwaje, nani alimfundisha, na kama anao mwingine kwa nyimbo nyingine. Andika ni vidole vipi anavyotumia. Kisha mwache aimbe huku akipiga, hata kama gitaa linafunika maneno, maana pengine ndivyo alivyokusudia. Maneno unaweza kuyauliza baadaye. Na ukiyanakili, yanakili jinsi yalivyotamkwa. Sherehe na maelezo yana mahali pake chini ya ukurasa.

Kuhusu gitaa la babu, nimejaribu. Nilipopata habari za mpangilio wa Katanga niliupandisha uzi wa nne hadi F, nikauimba wimbo wake wa pili, ule wa safari ya lori. Mkono wa kushoto ulitulia ghafla, na besi ikaingia pale nilipokuwa nikiikumbuka. Nyimbo nyingine tatu zilikataa. Mama yangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alisema kwamba ule wa pili unakaribia, lakini babu alikuwa na uzi mwingine chini "uliokuwa ukilia kama mtu anayeguna". Huenda aliulegeza wa sita, huenda wa tano. Nimejaribu yote mawili, na bado naendelea kujaribu.

Maneno ya nyimbo nne ninayo yote, ubeti kwa ubeti, kwa Kiswahili sanifu. Ripoti ilipata alama nzuri.